Kabla ya Jina: Namna ya Kuchunguza Habari za Mnyama wa Ajabu, Kutoka Ukingo wa Ziwa Kivu

Asubuhi moja ya kiangazi, mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ambaye hapa nitamwita Papa tu, kwa kuwa hakuniruhusu kutaja jina lake, alipanda kutoka ufukweni Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kukuta habari yake imekwisha kumtangulia mjini. Alikuwa akirudi kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi kabla jua halijachomoza, na ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta ndani ya sufuria, alipoona mgongo mrefu mweusi wenye nundu tatu ukipita kimya mbele ya mtumbwi wake, na pembeni yake kichwa kidogo kilichoinuka, kikageuka, kisha kikazama. Kabla hajamaliza kufunga kamba, wenzake walikuwa wamempa mnyama huyo majina mawili: wengine walisema ni mamba muntu, nusu mtu nusu samaki, wengine wakasema ni nyoka wa ziwa ambaye wazee walimjua zamani. Ilipofika saa nne, katika soko la Kadutu, nundu zilikuwa saba.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayepokea habari ya namna hiyo na kutaka kujua ukweli wake, awe mwandishi wa redio ya mtaa, mwalimu, mwanafunzi wa biolojia, au shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, anayeulizwa na watu wake kama watoto waendelee kuoga ziwani. Katika muda niliozifuata habari hizi, waongo niliokutana nao ni wachache kuliko nilivyotarajia. Watu wengi waliona kitu kweli. Kosa huingia katika muda mfupi ulio kati ya jicho na jina, na kazi ya mchunguzi ni kurudi katika muda huo na kuupitia polepole.

Hatua ya kwanza: Gawanya ukurasa wa daftari

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika kile ambacho macho, masikio na pua vilipokea, yaani rangi, umbo, mwendo, sauti, muda na umbali. Upande wa kulia andika jina alilopewa mnyama, pamoja na kila kitu kilichokuja kikifuata jina hilo. Papa aliposema "mgongo mweusi", maneno hayo yalikwenda kushoto. Aliposema kwamba mnyama huyo hutoka mvua inapokaribia, niliyaandika kulia, kwa sababu siku ile hapakuwa na mvua na yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mara nyingine.

Usidharau mstari huo, kwa sababu jina lina nguvu ya kukusanya mambo yasiyo yake. Chukua mfano wa mamba mkubwa wa delta ya Ruzizi na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimpa jina la Gustave mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Burundi. Huyo alikuwa mnyama wa kweli; alipigwa picha, na filamu kuhusu jaribio la kumtega ilitolewa mwaka 2004. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumpima kwa kamba. Urefu wa zaidi ya mita 6 ni makadirio ya macho, na hesabu ya watu mia kadhaa anaodaiwa kuwaua haijathibitishwa na yeyote, kwa kuwa jina lilipokwisha kuenea, kila aliyechukuliwa na mamba yeyote katika pwani ile aliweza kuandikwa katika deni la Gustave.

Lubumbashi inatupa somo la namna nyingine. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mji huo walichora mara nyingi sana picha ya mamba muntu, mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki ambaye huleta utajiri kwa masharti makali, na picha hizo zilitundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za mji huo. Mtu anayekueleza leo kwamba aliona majini mwanamke mwenye nywele ndefu na ngozi nyeupe, akiwa ameketi juu ya jiwe jinsi alivyoketi katika picha, huenda aliona kitu, lakini alikiona kupitia picha ya sebuleni kwa mjomba wake. Hilo halimfanyi kuwa mwongo. Linakuambia tu kwamba nywele na ngozi viandikwe kulia hadi upate sababu ya kuvihamisha.

Hatua ya pili: Mfuate shahidi wa kwanza, na picha ya kwanza

Kwa kila anayekueleza habari, uliza swali moja tu: "Wewe ulikuwepo?" Kama hakuwepo, muulize aliisikia kwa nani, mshukuru, kisha nenda kwa huyo. Mara nyingi mnyororo hukatika mahali pa tatu au pa nne, katika kundi la WhatsApp ambalo hakuna anayekumbuka nani aliweka ujumbe, na hapo faili linaweza kufungwa bila majuto.

Picha zina utaratibu wake. Omba faili lenyewe kutoka katika simu iliyopiga, kwa maana picha iliyopita WhatsApp hupungua ubora na kupoteza tarehe na maelezo mengine yaliyohifadhiwa ndani yake. Itafute katika intaneti kwa kuipandisha kwenye programu ya kutafuta kwa picha. Mimi nimewahi kuletewa "nyoka wa Ruzizi" ambaye alikuwa amekwisha kuonekana miaka kadhaa kabla katika nchi nyingine mbili, kila mahali akiwa na mto tofauti. Siku hizi kuna pia picha zinazotengenezwa na akili bandia, nazo hazina asili ya kutafutwa, hivyo kipimo kinachobaki ni kumwomba mpigaji akupeleke aliposimama na kulinganisha miti, mawe na milima ya nyuma. Kumbuka kwamba picha maarufu kuliko zote za mnyama wa Loch Ness huko Uskoti, iliyotolewa mwaka 1934 na kuaminiwa na wengi kwa miaka 60, ilikuja kujulikana kuwa ni kichwa cha kuchongwa kilichopachikwa juu ya kifaa cha kuchezea cha watoto. Aliyeileta kwa magazeti alikuwa daktari, na heshima ya kazi yake ilitosha watu wasiulize alisimama wapi.

Hatua ya tatu: Mahojiano

Hapa ndipo habari nyingi huharibika, na mara nyingi anayeiharibu ni mwenye kuuliza.

Anza kwa kuingia mlangoni. Kijijini, jitambulishe kwa shefu, na panapohitajika kwa watu wa Mwami, yaani mfalme wa jadi, ueleze sababu ya kuja kwako kabla ya kumwita shahidi. Mjini, shefu wa avenyu ajue pia, kwa usalama wako na wa shahidi. Salimia kwa kirefu. Mzee aitwe Papa au Mzee, mama aitwe kwa jina la mtoto wake kama wafanyavyo jirani zake, na usitoe daftari wala simu hadi mazungumzo ya afya, watoto na bei ya sambaza yaishe. Usilipe fedha kwa ajili ya habari. Soda au sabuni baada ya mazungumzo ni adabu, ilhali noti kabla ya mazungumzo ni kununua nundu ya nne.

Wahoji mashahidi mmoja mmoja, mbali na wenzao. Wavuvi watatu walioketi pamoja jioni nzima wamekwisha kuwa na kumbukumbu moja, na hutaweza tena kujua ni ya nani. Halafu mwache kila mmoja asimulie tangu alipotoka nyumbani. Mimi nilimwambia Papa: "Nieleze tangu ulipozima taa za uvuvi hadi ulipofika hapa." Alitumia karibu dakika ishirini, akataja chai, akataja kamba iliyokatika, akataja taa za boti iliyopita mbali kuelekea Bukavu. Taa hizo sikuziuliza, na yeye hakuziona kuwa na maana, lakini ndizo zilizokuja kuwa muhimu kuliko yote. Kama ningeanza na swali la mnyama, ningepata mnyama peke yake.

Swali lisibebe jibu. Badala ya kuuliza "Alikuwa na pembe?", uliza "Kichwa kilikuwaje?" Badala ya "Alikuwa mkubwa kama nyumba?", mwulize angekilinganisha na nini katika vitu anavyovishika kila siku. Mpe kalamu achore, hata akikataa mara mbili. Watu wanaosema hawajui kuchora huchora vizuri kuliko wanavyodhani, na mchoro hauna jina. Baada ya siku kadhaa rudi umwombe asimulie tena, ukilinganisha upande wa kushoto peke yake. Mambo madogo kubadilika ni kawaida ya kumbukumbu. Jambo la kutia shaka ni hadithi isiyobadilika hata neno, au inayonenepa kila inaposimuliwa.

Ukitumia picha, changanya nyingi. Afisa wa Kiingereza Frank Melland, aliyefanya kazi kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga, aliandika mwaka 1923 habari za kongamato, kiumbe arukaye na kuvunja mitumbwi ambaye Wakaonde walimwogopa. Aliwaonyesha watu picha ya mnyama wa kale mwenye mabawa ya ngozi, aliyetoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, na akaandika kwamba walimtambua mara moja. Mtu aliyeelezea kitu chenye mabawa ya ngozi angemtambua nani mwingine? Weka mezani picha kumi: popo wakubwa, korongo wa vinamasi, tai, na mmoja au wawili ambao unajua hawapo kabisa katika eneo lile. Shahidi akichagua hata hao wasiokuwepo, umejifunza kwamba anataka kukufurahisha.

Adabu nyingine ni kuamini upande wa kushoto hata unapopingana na unachodhani. Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza huko Uganda, aliingia msitu wa Ituri mwaka 1900 akimtafuta mnyama ambaye Wambuti, wawindaji wa msitu huo, walimwelezea, naye alikuwa ameshikilia kwamba atakuwa wa jamii ya farasi. Walimwonyesha nyayo za kwato zilizopasuka katikati, naye akakataa kuzifuata, akidhani wanamdanganya, kwa kuwa kwato za farasi hazipasuki. Vipande vya ngozi alivyopeleka London viliandikwa kuwa ni vya aina mpya ya punda milia. Ngozi nzima na mafuvu mawili yalipofika mwaka 1901, ikaonekana kwamba ni jamaa ya twiga, yaani okapi, na kwamba nyayo alizozikataa zilikuwa zake. Walioona walikuwa sahihi. Aliyekosea ni mwenye daftari, aliyeanza na jina.

Hatua ya nne: Rudi mahali pale, saa ile ile

Usiende mchana kuchunguza kilichoonekana alfajiri. Mwanga, upepo na usawa wa maji ni sehemu ya ushahidi, na kwa sababu hiyo tulikubaliana na Papa nipande mtumbwi wa ndugu yake, nikiwa na jile la uokoaji, saa kumi na moja asubuhi, siku tatu mfululizo.

Siku ya kwanza upepo ulivuma na hatukuona kitu. Siku ya pili ziwa lilitulia. Boti ya usiku kutoka Goma ilipita mbali, taa zake zikapotea nyuma ya rasi, na baada ya muda mrefu kiasi cha kuisahau kabisa, mawimbi yake yakatufikia: mistari mitatu ya maji laini, yasiyo na povu, ikija pamoja. Mtu aliyeketi chini ndani ya mtumbwi huyatazama mawimbi karibu sawasawa na uso wa maji. Upande mmoja wa kila wimbi unaakisi anga lenye mwanga, na upande wa pili unaakisi milima ambayo bado ni myeusi, na hivyo jicho linaona vifundo vyeusi vikitembea kwa mpangilio mmoja. Nilijua ninachokitazama, na bado mwili ulisisimka.

Umbali na ukubwa ndivyo vitu ambavyo watu hukosea zaidi juu ya maji, kwa sababu hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Kuna kipimo rahisi ambacho kila mtu anacho. Nyosha mkono mbele na usimamishe kidole gumba. Upana wake ni karibu sentimita 2 na umbali wake kutoka jichoni ni karibu sentimita 60, yaani uwiano wa moja kwa thelathini. Kitu kinachofunikwa chote na gumba kikiwa umbali wa mita 300 kina urefu wa karibu mita 10. Kikiwa umbali wa mita 60 kina mita 2 tu. Mwombe shahidi, akiwa mahali pale pale, akuonyeshe kwa gumba ukubwa alioukumbuka, kisha tuma mtumbwi mwingine usogee hadi aseme "palikuwa pale". Papa alikuwa amesema mita 20. Kwa gumba na mtumbwi tulipata chini ya mita 12, na yeye mwenyewe ndiye aliyehesabu.

Tahadhari moja ya usalama: katika mikoa yetu mtu anayezunguka usiku na tochi, ramani na simu ya kupiga picha hueleweka vibaya kwa haraka. Wenye mamlaka ya mahali wajue uko wapi, usiingie msituni bila mwenyeji, na habari yoyote inayokutaka upite mahali pasipo salama iache ilale.

Hatua ya tano: Orodhesha wakazi wanaojulikana, wakiwemo wasio wanyama

Kabla ya kumtafuta mnyama asiyejulikana, andika wote wanaojulikana kuishi pale. Ziwa Kivu ni maskini wa viumbe kuliko Tanganyika. Aina zake za samaki hazifiki 30, na hata sambaza tunaowala waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mamba halina, ingawa mto Ruzizi unaolitoka unashuka karibu mita 700 hadi Tanganyika, ambako mamba wapo. Maporomoko ya njiani si barabara ya mamba. Wanaobaki ni fisi maji, ambao huogelea wawili watatu kwa mstari na kuinua vichwa, minandi, ndege ambao huogelea mwili ukiwa umezama na shingo pekee ikionekana, magogo, na visiwa vidogo vya majani vinavyong'olewa na mvua na kusukumwa na upepo.

Upande wa Goma kuna mkazi asiyeonekana kabisa. Ukiambiwa kwamba kiumbe fulani kinakaba mbuzi usiku bila kuacha jeraha, na hasa kama mahali penyewe ni magharibi ya mji kuelekea Sake, fikiria mazuku kabla ya kitu kingine. Ni hewa ya ukaa itokayo ardhini katika eneo la volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya lava, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Wenyeji waliipa jina lenye maana ya upepo mbaya, na si vigumu kuona kwa nini: mbuzi anakutwa amelala kama aliyesinzia, mbwa aliyemfuata amelala kando yake, na ndege na wadudu wamekufa kuwazunguka. Usishuke kuwatoa. Usiiname. Mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa anapumua vizuri pale ambapo mtoto aliye kando yake anakufa. Weka alama mahali hapo, wazuie watu, na uwajulishe wa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma. Katika habari zinazotajwa hapa hii ni mojawapo ya zile zinazoua kwa hakika, na ndiyo inayosababisha nisipende kuona mtu akicheka habari ya "shetani wa shimoni" na kuondoka bila kuuliza shimo liko wapi.

Hatua ya sita: Vitu vya kushikika

Nywele, mfupa, kinyesi na unyayo vina thamani kuliko mashahidi kumi, ikiwa vimetunzwa. Piga picha ya unyayo kutoka juu, ukiweka kandoni rula au sarafu. Nywele ziweke katika bahasha ya karatasi, kwa maana plastiki hushika unyevu na kuozesha, na uandike papo hapo mahali, tarehe na jina la aliyeziokota. Mzoga usiguse kwa mkono mtupu, na mzoga wa nyani au sokwe usiguse kabisa. Kivu Kaskazini na Ituri zimepitia Ebola tangu 2018 hadi 2020, na hakuna hekaya inayostahili kuirudisha. Usinunue ngozi wala jino. Ukiuliza bei ya "ngozi ya ajabu" leo, wiki ijayo mtu atakuwa amemwua mnyama anayelindwa na sheria ili akuletee.

Kwa wakazi wa Bukavu, kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947, kina makusanyo ya wanyama ambayo mfupa wako unaweza kulinganishwa nayo. Pale ambapo umbo halitoshi, vinasaba husema. Mwaka 2017 watafiti walichunguza sampuli 9 zilizohifadhiwa kama mabaki ya yeti, mtu wa theluji wa Himalaya: 8 zilitoka kwa dubu na 1 kwa mbwa. Mwaka 2018 timu ya Neil Gemmell wa New Zealand ilichota maji ya Loch Ness ili kutafuta vinasaba ambavyo kila kiumbe hudondosha majini. Hawakukuta chochote cha mnyama mtambaazi, bali walikuta mikunga kwa wingi.

Hapa nchini mfano bora ni wa misitu ya Bili na Bondo, huko Bas-Uele, ambako zilitoka habari za sokwe wakubwa mno wanaoua simba na kulala chini badala ya mitini. Vinasaba vilionyesha kuwa ni sokwe mtu wa kawaida wa mashariki. Kuua simba kulibaki upande wa kulia wa ukurasa. Lakini kulala chini kulikuwa kweli: waliokwenda kuwachunguza walikuta viota vingi ardhini, kama wenyeji walivyosema.

Hatua ya saba: Uliza mnyama huyo anaishije

Ni nadra mnyama mmoja kuonekana kwa miaka 100, kwa kuwa atazeeka. Lazima wawepo madume na majike na watoto, wale, wanye, wafe, na mifupa yao ionekane mahali fulani. Mokele-mbembe wa Ziwa Tele, ng'ambo katika Kongo-Brazzaville, ametafutwa na misafara kadhaa tangu miaka ya 1980. Mwaka 1983 mtafiti wa huko, Marcellin Agnagna, alisema amemwona kwa macho yake, lakini hakurudi na picha inayofaa. Ziwa lenyewe lina kina cha mita chache tu, mahali pagumu sana kwa familia ya wanyama wakubwa kama tembo kujificha.

Kuhusu Kivu nimesikia mara nyingi hoja kinyume cha hiyo: ziwa lina kina cha karibu mita 480, nani ajuaye kilicho chini? Kwa bahati hili linajulikana. Oksijeni inaishia karibu mita 60 au 70 kutoka juu. Chini ya hapo maji yamejaa gesi ya ukaa na methani, hiyo methani inayochimbwa kwa ajili ya umeme upande wa Rwanda, na hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Kina kile kikubwa hakina mahali pa kujificha kwa kiumbe chochote kinachohitaji oksijeni.

Hatua ya nane: Jua pa kusimama

Habari ikianza kumgeukia mtu, yaani ikisemwa kwamba mnyama ni bibi fulani aliyejigeuza, au kwamba mtoto fulani ndiye anayemtuma, uchunguzi wako wa wanyama umekwisha siku hiyo. Usirushe kauli hiyo redioni, usiiandike, usiirudie hata kwa kuikanusha kwa jina. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi, na watu wazima wamepoteza maisha kwa maneno mepesi zaidi. Nenda kwa shefu, kwa padri au mchungaji anayesikilizwa, na ikibidi kwa mwanasheria.

Hatua ya tisa: Toa uamuzi kwa kila mstari

Usitoe hukumu moja kwa hadithi nzima. Chukua upande wa kushoto, na mbele ya kila mstari andika moja kati ya maneno manne: limetambuliwa, linaelekea, halijaamuliwa, limetungwa. "Halijaamuliwa" ni neno halali wala si aibu. Mmarekani James Chapin aliokota unyoya mmoja huko Ituri mwaka 1913, kutoka katika kofia ya mtu, akashindwa kuutambua, na akautunza. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya ya namna ile, wakiwa wameandikiwa kwamba ni tausi wa India. Walikuwa tausi wa Kongo, ambao sayansi haikuwajua. Na mwaka 2007, huko Opala, watafiti walimkuta tumbili akifugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wawindaji wa pale walimwita lesula tangu zamani, lakini yeye aliandikwa rasmi kama aina mpya mwaka 2012.

Kisha peleka nakala kwa shahidi. Watu wengi huiruka sehemu hii, na ndiyo sababu wavuvi hawawaambii tena kitu. Mimi nilimrudia Papa, nikamsomea daftari lote, na asubuhi ya siku iliyofuata tukaenda naye pale pale. Boti ilipita, tukangoja, na mawimbi yalipokuja na nundu zake tatu alinyamaza hadi zikatupita, kisha akacheka kwa sauti ambayo lazima ilifika Idjwi.

"Ndio mgongo wangu huo," alisema. "Sasa nionyeshe kichwa."

Kichwa hakikutokea siku hiyo. Mbele ya neno "mgongo" niliandika kwamba limetambuliwa, na mbele ya neno "kichwa" nikaandika kwamba linaelekea kuwa fisi maji. Papa alinitazama nikiandika. Akaniuliza nimewaona fisi maji mara ngapi maishani mwangu, nikamjibu kuwa mara mbili. Akasema yeye amewaona tangu utotoni, wanamwibia samaki wavuni, na kwamba kile hakikuwa kichwa cha fisi maji. Nilifuta, nikaandika: halijaamuliwa.